Wani ya saba imekwama, tuu ya kumi na mbili imepita: hesabu mbili za kuingia chuo kikuu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kwa kawaida mwezi Julai, steshenari za mtaani hugeuka ofisi za udahili. Mwaka mmoja nilikwenda kuchapisha barua, nikakaa benchi moja na mama aliyekuja na binti yake. Binti alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kemia A, Baiolojia A, Fizikia E. Divisheni wani ya pointi saba. Nyumbani kuku walishachinjwa.

"Mama, udaktari hapa haukubali," kijana wa kompyuta akasema.

"Haukubali nini, kaka? Mtoto ana wani."

"Wani anayo. Mfumo unasema hana sifa."

Mama akamtazama binti, binti akatazama sakafu. Kumbe jirani yao naye ana mtoto aliyemaliza mwaka huohuo, kombi hiyohiyo. Yeye alipata tuu ya kumi na mbili: D, D, D. Siku mbili nyuma aliomba kozi ileile na mfumo ukampokea bila maneno. "Kwa hiyo wa D tatu ndiye anayefaa kuwa daktari, na wa A mbili hafai?" mama akauliza, akatuangalia sisi wote wa kwenye benchi kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyepanga.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yaliyotolewa pale. Mmoja alisema mtandao una shida. Mwingine alisema siku hizi lazima ujuane na mtu. Hakuna kati ya hayo. Mfumo ulifanya hesabu yake sawasawa, ila haikuwa hesabu ile aliyoifanya mama.

Mtihani wa kidato cha sita wa Tanzania hubeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, NECTA: kuthibitisha kwamba umemaliza elimu ya sekondari ya juu, na kwa kiwango gani. Kazi ya pili ni ya vyuo, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU: kuamua nani ana sifa ya kusoma kozi fulani. Karatasi ni zilezile na gredi ni zilezile. Lakini kila taasisi huzigeuza gredi hizo kuwa namba kwa njia yake, na namba hizo zinakwenda pande mbili zilizopingana.

Kwa NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Huchukuliwa masomo matatu ya kombi, unajumlisha, na aliye na namba ndogo ndiye bora. Tatu hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. Ukifika 20 au 21, ni ziro. Jenero stadi, ambayo kila mtu anaifanya na karibu kila mtu anailalamikia, haiingii katika hesabu hii.

Kwa TCU, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Huku mwenye namba kubwa ndiye bora. Ndiyo maana mtu akikwambia "nina pointi saba," swali la kwanza ni: saba za nani? Saba za NECTA ni wani safi. Saba za TCU zinaweza kuwa mchanganyiko wa D, D na C, ambao kwa NECTA ni divisheni tuu ya 11. Nimewahi kuona wazazi wakibishana dakika kumi nzima kila mmoja akiwa sahihi kwa kipimo chake.

Turudi kwa binti. Kwa hesabu ya TCU ana 5 + 5 + 1, jumla 11. Mtoto wa jirani ana 2 + 2 + 2, jumla 6. Bado anaonekana kuongoza kwa mbali, kwa vipimo vyote viwili. Kilichomkwamisha si jumla. Kwa udaktari wa binadamu, miongozo ya udahili ya miaka ya karibuni hudai ufaulu wa masomo yote matatu, jumla isiyopungua pointi 6, na juu ya hapo gredi isiyoshuka chini ya D katika kila somo: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hapo jumla inanyamaza, somo mojamoja linaongea. A mbili haziwezi kuikopesha Fizikia hata pointi moja. Mtoto wa jirani amegusa kila mstari kwa ncha ya kidole, lakini ameigusa yote mitatu.

Kuna mantiki ndani yake. Divisheni ni wastani uliovaa nguo nyingine, na wastani huficha. Mtu mwenye maji ya moto miguuni na barafu kichwani, kwa wastani yuko vizuri tu. Chuo kinataka kujua kama utaweza kufuata somo lenye fizikia ndani yake, na hilo divisheni hailisemi.

Ukitaka kuona jinsi divisheni inavyopotosha, usiangalie wani. Angalia sirii, yaani divisheni ya tatu. Huku ndiko watu wengi wanakopotea, wengine wanakata tamaa bure na wengine wanatumia hela ya maombi bure.

Sharti la jumla la TCU kwa anayetoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha prinsipo, yaani kuanzia A hadi E, na masomo hayo mawili yafikishe pointi 4. S si prinsipo. Jina lake linatokana na neno sabsidiari: umeonja somo, hujalifaulu kamili.

Sasa chukua vijana wawili wa HGL. Wa kwanza ana Historia B, Jiografia S, Kiingereza S. Kwa NECTA ni 2 + 6 + 6, sirii ya 14. Wa pili ana Historia C, Jiografia E, Kiingereza F. Ni 3 + 5 + 7, sirii ya 15. Mtaani wa kwanza ndiye aliyefanya vizuri zaidi, na hana hata F ya kumtia aibu. Lakini ana prinsipo moja tu, kwa hiyo mlango wa shahada umefungwa kwake. Wa pili, na F yake, ana prinsipo mbili zenye 3 + 1. Pointi 4. Amevuka sharti la jumla.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu za michanganyiko yote, na picha inajitokeza vizuri. Mwenye divisheni ya kwanza au ya pili, kwa vyovyote gredi zake zilivyopangika, amevuka sharti la pointi 4. Mwenye sirii ya 16 au 17 hajalivuka, hata azipange vipi. Utata wote uko kwenye 13, 14 na 15. Hapo namba ya divisheni haikwambii kitu, lazima ufungue gredi zenyewe. A, S, S ni sirii ya 13 na haivuki. D, D, F ni ya 15 na inavuka. Na kuvuka sharti la jumla ni kuingia uani tu. Kila kozi ina mlango wake, na mara nyingi hutaja masomo gani mawili ndiyo yanayohesabiwa. C yako ikiwa katika somo ambalo kozi haiitaji, ni pambo.

Wengi huuliza kwa nini kuwe na vipimo viwili, kwa nini NECTA na TCU wasikae meza moja. Jibu liko katika historia zaidi kuliko katika busara ya mtu yeyote.

Mitihani hii ilikuja na Waingereza. Watahiniwa wa Tanganyika walifanya mitihani ya Cambridge, na ule mgawanyo wa prinsipo na sabsidiari ni masalia ya huko. Uganda wanao mpaka leo. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971, na NECTA ikaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Wakati huo waliofika kidato cha sita walikuwa wachache sana. Chuo cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961, pale Mtaa wa Lumumba, darasa la sheria halikuwa na wanafunzi 20. Katika dunia ya namna hiyo huhitaji mzani wa pili. Anayefaulu anajulikana, na nafasi yake inamsubiri.

Kwa muda nchi ilijaribu hata kuupunguzia mtihani mamlaka yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Wazo lilikuwa kwamba karatasi haimjui mtu, wanaofanya naye kazi ndio wanaomjua. Wazo zuri, utekelezaji mgumu. Nafasi za fani za sayansi na uhandisi zikawa ngumu kujaza, wasichana wakapungua, masharti yakaanza kulegezwa, mwisho yakaachwa. Mtihani ukarudi kwenye kiti chake, na safari hii hakuna aliyekaa nao.

Kisha vyuo vikaongezeka, vya umma na vya binafsi, waombaji wakawa makumi ya maelfu. TCU ikaanzishwa 2005, na mwaka 2010 ikaanza kuwapanga wanafunzi wote kupitia mfumo mmoja wa pamoja. Mfumo unahitaji namba, na namba ya divisheni haikufaa, kwa sababu chuo hakidahili divisheni, kinadahili mtu wa Kemia au mtu wa Historia. Hapo ndipo pointi za TCU zilipopata nguvu. Mwaka 2017 upangaji wa pamoja ulisitishwa, waombaji wakarudi kuomba chuo kimoja kimoja, lakini pointi zilibaki. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu anaweza kuchaguliwa vyuo vitatu kwa mpigo, ndiyo maana hutumiwa ile namba maalum ya kuthibitisha chuo kimoja. Ukiipuuzia ukidhani ni ujumbe wa promosheni, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kana kwamba vipimo viwili havitoshi, kuna miaka ambayo gredi zenyewe zilibadilishwa. Waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015 wana gredi ya B+ kwenye vyeti vyao, na TCU huwasomea kwa jedwali lao peke yao: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni nusu. Kwao prinsipo inayohesabika kwa udahili huanzia C. Kwa hiyo C ya 2015 ni pointi 2, na C ya 2016 ni pointi 3. Herufi ileile, nchi ileile, mwaka mmoja kati yao. Katika kipindi hichohicho divisheni ziliondolewa, ikaletwa GPA, yaani wastani wa pointi, yenye majina kama Distinkisheni na Meriti, na mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuiongoza NECTA, akairudisha divisheni. Ukimsaidia kaka yako wa miaka hiyo kuomba chuo leo, angalia kwanza mwaka ulioandikwa kwenye cheti, kisha ndipo uguse kikokotoo.

Na hata ndani ya mwaka mmoja, gredi ni jambo la kuamuliwa. Haianguki kutoka mbinguni. Kwa sasa, kwa kidato cha sita, A ni maksi 80 na kuendelea, B huanzia 70, C 60, D 50, E 40, S 35. Mipaka hiyo imekaa. Lakini kumbuka kilichotokea kwa kidato cha nne. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na ziro. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei mwaka huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Vijana hawakurudia mtihani. Majibu yao hayakubadilishwa hata nukta. Ilibadilishwa mistari ya kugawa gredi, na maelfu wakaamka wamefaulu.

Watu wengi walilichukulia kama kashfa ya siasa. Mimi naliona kama siku ambayo pazia lilipeperuka kidogo tukaona jikoni. Kila mtihani wa taifa, popote duniani, una mtu aliyeamua mstari upite wapi. Kenya waliona upande wa pili wa jambo hilo mwaka 2016: baada ya udhibiti mkali wa udanganyifu na mabadiliko ya usimamizi, waliopata A nzima katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, walishuka hadi 141, kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia.

Tukiwa kwa jirani, inafaa kuona wao wamelijibu vipi swali la mama wa steshenari. Kenya hawakutenganisha kabisa jumla na somo. Huchukua masomo manne yanayohusu kozi, yenye pointi 48 zikijaa, huchukua na jumla ya masomo saba yenye 84, wanavizidisha kwa uwiano na kutafuta kipeuo cha pili. Kijana mwenye A za sayansi lakini aliyezembea masomo mengine anavutwa chini, na hakuna mtoto wa kawaida anayeweza kuifanya hesabu hiyo kichwani. Uganda wao huyapa masomo uzito: somo la msingi kwa kozi huzidishwa mara tatu, linalohusiana nalo mara mbili, na mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5. Ukiipitisha A ya Kemia ya binti yetu kwenye mzani wa namna hiyo, ingefanya kazi kubwa ya kuifidia Fizikia. Sisemi mzani wao ni bora. Nasema kwamba "mwenye sifa" ni matokeo ya hesabu fulani, na nchi tatu zenye mizizi ya mtihani mmoja zimeishia na hesabu tatu.

Marekani walikata shauri tofauti zaidi. Mtihani wao wa SAT, ulioanza 1926, haumalizi shule. Cheti cha shule ni kitu kingine, mtihani wa kuombea chuo ni kitu kingine, na unaweza kuufanya zaidi ya mara moja ukatuma alama unazozipenda. Kwetu kukosea asubuhi moja ya Mei ni kukosea kote kuwili.

Na hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na mfumo wetu. Matokeo hutolewa kwa gredi tu, maksi hazionyeshwi. E ya binti inaweza kuwa 41, inaweza kuwa 49. D ya mtoto wa jirani inaweza kuwa 50 kamili. Mtihani husahihishwa na walimu walioketi kambini, kila mmoja na swali lake, karatasi zikipita mkono kwa mkono. Ni utaratibu mzuri, unazuia mwalimu mmoja kukubeba au kukumaliza. Lakini hakuna usahihishaji wa binadamu unaoweza kutofautisha 49 na 50 kwa uhakika, na tofauti hiyo moja ndiyo inayogawa koti jeupe na maisha mengine. Kukata rufaa kunawezekana, kwa ada, ila unakata rufaa gizani kwa sababu hujui ulikuwa karibu kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa steshenari walikuwa hawajamwambia mama, na lingempoza kidogo. Kuwa na sifa si kuchaguliwa. Yule mtoto wa D tatu amekubaliwa kuomba, basi. Kozi ya udaktari ina nafasi za kuhesabika, na vyuo huwapanga wenye sifa kuanzia juu. Katika foleni hiyo, pointi 6 ndiyo mkia kabisa. Huenda wote wawili, binti wa A mbili na kijana wa D tatu, wasiipate kozi hiyo, mmoja akikataliwa dakika ileile na mwingine akisubiri awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu ndipo ajue. Sijui ni lipi linauma zaidi.

Njia nyingine zipo. Binti anaweza kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Waliokosa kidato cha sita kabisa wana njia ya stashahada, ambayo kwa sharti la jumla hudai GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Chuo Kikuu Huria kina kozi yake ya msingi. Zinachukua muda, na mtaani zinasemwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu, jambo ambalo sijawahi kulielewa, kwa sababu wahudumu wengi wa afya wanaotutibu walipita hukohuko.

Siku ile mimi nilifanya kitu kimoja tu. Nilimwomba kijana wa kompyuta afungue kitabu cha mwongozo cha TCU, ile faili ndefu ambayo hakuna anayeisoma, ashuke hadi kwenye famasia. Masharti ya pale yalikuwa C ya Kemia, D ya Baiolojia, na Fizikia walau E. Binti akasogeza kiti. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea tangu nifike.

"Hiyo E yangu," akasema, "hapo imeandikwa?"

Kijana akaigusa skrini kwa kidole. Mama akauliza famasia ni miaka mingapi, na kama ni yale maduka ya dawa. Binti hakumjibu, alikuwa anatafuta namba yake ya mtihani wa kidato cha nne kwenye simu, mfumo ulikuwa umeanza kuiuliza.